Ada ya Mazoezi Iende Wapi kwa Anayeitaka MMA

Miji yetu mingi haina klabu iliyokamilika ya MMA, yaani mchanganyiko wa fani za mapigano. Ina kambi ya ngumi kwenye ukumbi wa kata au nyuma ya soko, ina karate na taekwondo kwenye kumbi za shule, pengine judo, na katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam utapata pia jiu-jitsu ya Kibrazili. Kijana anayetamani kuingia kizimba cha mapigano siku moja, au mzazi anayemlipia, hawezi basi kununua MMA nzima kwa mkupuo. Ananunua kipande kimoja kwanza, na kipande hicho kitakula ada na jioni zake kwa miaka kadhaa. Akikosea mwanzo, hasara haionekani mapema. Ataiona siku atakapokutana na mtu aliyesoma kile ambacho yeye hakukisoma.

Bahati nzuri mchezo huu umejipima hadharani kwa zaidi ya miaka 30. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, mashindano ya kwanza ya UFC yaliwakutanisha wapiganaji wa fani mbalimbali usiku mmoja, karibu bila kanuni, ili ijulikane ni fani ipi iliyo bora. Bondia Art Jimmerson aliingia na glovu moja, mkono wa pili mtupu. Alibwagwa, akakaliwa juu, akasalimu amri kabla hajapata nafasi ya kurusha ngumi ya maana. Aliyembwaga, Mbrazili Royce Gracie, hakuwa na mwili mkubwa wala ngumi ya kutisha. Alikuwa na jiu-jitsu ya ukoo wao, na kabali. Alitwaa mashindano yale, kisha akatwaa UFC 2 na UFC 4.

Utawala huo haukudumu. Wapinzani walipojifunza kujinasua kwenye kabali, waliingia wanamieleka wa vyuo vikuu vya Marekani na kuushika mchezo. Mark Coleman, bingwa wa vyuo mwaka 1988, alikuwa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu wa UFC mwaka 1997. Randy Couture akafuata. Kizazi cha karibuni kina Daniel Cormier, aliyeshika nafasi ya nne Olimpiki ya Athens 2004. Kina pia Henry Cejudo, mwenye dhahabu ya Beijing 2008, aliyetwaa mikanda ya UFC katika uzito wa aina mbili. Na Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria, bingwa wa vyuo vya daraja la pili mwaka 2010 na bingwa wa UFC mwaka 2019. Kutoka Dagestan, kusini mwa Urusi, alikuja Khabib Nurmagomedov, bingwa wa dunia wa sambo ya mapigano, mchezo wa Kirusi wa kubwagana na kupigana, aliyestaafu mwaka 2020 akiwa ameshinda mapambano 29 bila kupoteza hata moja. Islam Makhachev, mwenzake wa mazoezi, alitwaa ubingwa wa dunia wa sambo hiyo mwaka 2016 na mkanda wa UFC mwaka 2022. Mieleka ninayoizungumzia hapa ni ile ya mashindano ya Olimpiki, ambayo haina uhusiano na ile ya maigizo tuliyoizoea kwenye televisheni.

Judo nayo ina rekodi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ronda Rousey alitoka na shaba ya Beijing 2008 na kuwa bingwa wa kwanza wa kike wa UFC. Kayla Harrison, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, 2012 na 2016, alitwaa mkanda wa UFC mwaka 2025. Fedor Emelianenko, ambaye kwa miaka mingi alihesabika kuwa mpiganaji hatari kuliko wote wa uzito wa juu, alilelewa katika judo na sambo. Kwa wapigaji wa kusimama, majina makubwa ni Anderson Silva, aliyeshinda mara 16 mfululizo ndani ya UFC kwa ustadi wa Muay Thai, Israel Adesanya mzaliwa wa Lagos, na Alex Pereira, ambao wote wawili walitoka kwenye ulingo wa kickboxing. Ngumi tupu, bila mateke wala mieleka, ndiyo yenye mabingwa wachache kuliko zote. James Toney, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi katika uzito wa aina kadhaa, alipewa nafasi mwaka 2010 dhidi ya Couture. Alibwagwa mara moja tu na kukabwa katika raundi ya kwanza.

Orodha hii ikisomwa juu juu itamdanganya mnunuzi. Mieleka ina mabingwa wengi kwa sababu mbili, na moja tu kati ya hizo inahusu ubora wa mieleka yenyewe. Marekani hufundisha mieleka shuleni, maelfu ya vijana huicheza tangu utotoni, na kwa miaka mingi, wakimaliza chuo, hawakuwa na ligi ya kulipwa iliyowangoja. MMA ikawa ajira yao. Bondia mwenye kipaji hana haja ya kuhamia kizimbani, maana fedha kubwa ziko kwenye ngumi, kwa hiyo walio bora hubaki huko. Wajapani na Wafaransa walio bora kwenye judo nao hubaki kusaka medali. Kwa hiyo hesabu ya mabingwa inapima pia nani alikuwa na njaa ya kuhama. Tena wanamieleka wale hawakulipa kama utakavyolipa wewe. Mkeka na kocha viligharimiwa na shule. Usman aliisoma mieleka katika shule za Texas, bila mzazi wake kutafuta ada ya klabu kila mwezi.

Sababu ya pili ndiyo inayostahili fedha zako. Anayejua kubwaga ndiye anayeamua pambano lichezwe wapi. Akiona mpinzani ana ngumi nzito, anamshusha chini. Akiona mpinzani ni hodari chini, anakataa kushuka na kupigana amesimama. Mpigaji asiye na kinga ya kubwagwa hana hiari hiyo, na hofu ya kubwagwa inamfanya hata ngumi zake azirushe nusunusu.

Sijui mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko Francis Ngannou. Alizaliwa Batié, Kamerun, akafanya kazi ya kuchimba mchanga tangu utotoni, na ndoto yake ilikuwa ngumi. Alipofika Paris, kocha Fernand Lopez wa MMA Factory ndiye aliyemvuta kwenye MMA. Kwa nguvu za mikono yake aliwaangusha watu kwa namna iliyotisha dunia, na Januari 2018 akapewa pambano la ubingwa dhidi ya Stipe Miocic. Miocic, bondia aliyewahi pia kucheza mieleka chuoni, alimchosha, akambwaga mara kwa mara, akamshika chini raundi baada ya raundi hadi tano zikaisha. Ngumi zilezile zilizowashinda wengine hazikupata pa kutua.

Ngannou alirudi mazoezini na kuongeza kile alichokosa. Machi 2021 alikutana tena na Miocic, akazima jaribio lake la kumbwaga, akamwangusha kwa ngumi katika raundi ya pili na kuwa bingwa. Kisha Januari 2022, akiwa na goti bovu na mbele yake Ciryl Gane, Mfaransa mwepesi aliyesomea Muay Thai, Ngannou alipoteza raundi za mwanzo kwa kusimama. Akabadilisha mpango, akaanza kumbwaga Gane, na kushinda kwa uamuzi wa majaji. Mchimba mchanga aliyekuja na ngumi tu aliulinda ubingwa wake kwa mieleka aliyojifunza ukubwani. Kwa mtu wa kwetu asiyepata mieleka shuleni, hii ni habari ya kutia moyo kwelikweli.

Na si yeye peke yake. Georges St-Pierre wa Canada alianza na karate ya Kyokushin akiwa mtoto, hakucheza mieleka ya shule, ila alikwenda kufanya mazoezi na wanamieleka wa timu ya taifa mjini Montreal. Agosti 2007 alimbwaga Josh Koscheck, aliyekuwa bingwa wa vyuo vya Marekani, katika mchezo wa Koscheck mwenyewe.

Sasa tuje sokoni. Mieleka ya Olimpiki ndiyo ningeinunua kwanza kama ingepatikana, na vifaa vyake ni nafuu: viatu, nguo ya kubana, basi. Gharama yake iko kwenye mkeka, ambao klabu hubeba, na kwenye uhaba wa makocha. Ukiwa karibu na timu ya jeshi, polisi au chuo inayocheza mieleka, uliza kama raia wanaruhusiwa kufanya mazoezi. Ukiruhusiwa, usiangalie kwingine.

Wengi hawataipata, na kwao nashauri judo. Ni mchezo wa Olimpiki wenye vyama vya taifa, kwa hiyo ada za klabu nyingi hazijapandishwa na mitindo. Zanzibar ina mizizi yake katika mchezo huu kupitia Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani na kuufundisha kwa miaka mingi, na Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania kwenye judo katika Olimpiki ya Paris 2024. Kifaa kikubwa ni vazi zito la judo, ambalo likitunzwa hudumu miaka mingi na mdogo mtu anaweza kulirithi. Mtoto anafundishwa kuanguka bila kuumia kabla hajafundishwa kumwangusha mwenzake, na kuanguka vizuri ni ujuzi utakaomfaa hata akiteleza bafuni uzeeni. Mtama na ngwala ambazo watoto wetu wanapigana uwanjani zinapata hapo kanuni na kipimo.

Judo ina mapungufu mawili ambayo mnunuzi ayajue. Mcheza judo hushika ukosi na mkono wa vazi, na kizimbani hakuna vazi. Pia kanuni za kimataifa zilianza kubana ushikaji wa miguu kwa mikono mwaka 2010, zikaupiga marufuku kabisa mwaka 2013, wakati kizimbani kuvamia miguu ndiyo njia ya kawaida ya kumbwaga mtu. Satoshi Ishii wa Japani alitwaa dhahabu ya uzito wa juu Beijing 2008, akaingia MMA mwaka uliofuata, na akapoteza pambano lake la kwanza. Kwa hiyo muulize kocha wa judo kama yuko tayari kutenga siku moja kwa wiki ya mazoezi bila vazi, kwa kushika shingo, makwapa na kiuno. Makocha wengi vijana watakubali.

Jiu-jitsu ya Kibrazili ndiyo inayonunuliwa na wengi wenye ndoto za UFC, na ndiyo yenye ada ya juu katika miji yetu, maana klabu zake hukaa kwenye mitaa ya wenye uwezo na wanachama wengi ni wafanyakazi wa ofisini na wageni. Ni bidhaa nzuri. Inakupa njia ya kutoka ukibwagwa, na njia ya kumaliza pambano bila kumvunja mtu pua. Charles Oliveira, kijana aliyekulia mazingira duni katika jimbo la São Paulo, ameshinda kwa kabali na mikunjo ya viungo mara nyingi kuliko mpiganaji mwingine yeyote katika UFC. Udhaifu wa jiu-jitsu ni kwamba madarasa mengi huanza watu wakiwa wameshapiga magoti au wamekaa. Mwanafunzi anajua kila kitu cha kufanya chini ila hajui namna ya kumfikisha mtu huko. Usitishwe na urefu wa safari ya mikanda. Katika kanuni za shirikisho la kimataifa la IBJJF mtu mzima hukaa kwenye mkanda wa bluu angalau miaka miwili, na mkanda mweusi huwachukua wengi karibu miaka kumi. Kizimbani hakuna anayeuliza rangi ya mkanda. Miaka miwili mitatu ya darasa lisilotumia vazi inatosha kumfanya mpigaji asiwe mawindo rahisi, na darasa hilo linakuokolea pia bei ya vazi.

Ngumi ni nafuu kuliko zote na makocha wake ndio wazoefu kuliko wote tulio nao. Kambi za Manzese na Temeke jijini Dar es Salaam, na za Pumwani na Kariobangi jijini Nairobi, zimelea watu waliopigana nje, na Mkenya Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Kwa ada ndogo, na pengine bila ada kwa kijana mwenye bidii, unapata kamba, begi, padi na wapinzani wengi wa kusparingi nao. Nunua mwenyewe bandeji, kinga ya meno na glovu za aunsi 16 za mazoezi. Usikimbilie glovu za MMA za aunsi 4 mapema. Hizo ni nyembamba, na zitamuumiza mwenzako kabla hazijakufundisha kitu.

Lakini hesabu ya ngumi haiishii kwenye ada. Wangila huyohuyo alifariki Julai 1994 baada ya kuumia katika pambano huko Las Vegas. Sparingi ya nguvu kila siku, bila kofia, bila kocha wa kusimamisha, ni deni ambalo ubongo hulipa baadaye, na kijana wa miaka 14 hana sababu ya kulianza. Michezo ya kubwagana nayo ina bili zake: magoti, mabega, masikio yanayovimba na kukakamaa, choa na fangasi wa mkeka usiosafishwa. Kwangu, tofauti ni kubwa mno. Goti linaweza kutibiwa. Kwa mtoto mdogo ningelipa zaidi kwa judo kuliko kupokea ngumi za bure.

Kickboxing na Muay Thai zinaifaa MMA zaidi ya ngumi tupu kwa sababu ya mateke, magoti na kukumbatiana. Pakiwapo mwalimu wa kweli, chagua hizo badala ya ngumi. Jihadhari na madarasa ya kupunguza uzito yaliyobandikwa jina hilo, ambamo watu hupiga begi kwa muziki na hakuna anayewarudishia.

Karate na taekwondo zimetoa mabingwa, Lyoto Machida na Anthony Pettis wakiwamo, na mtoto wa miaka saba atapata humo nidhamu na mwili mnyumbufu. Ila soma bei yote kabla ya kusaini: ada ya mwezi, ada ya kila mtihani wa mkanda, cheti kutoka makao makuu ya nje, nguo yenye nembo ya klabu. Ukizijumlisha kwa mwaka, mchezo ulioonekana rahisi unaweza kuipita judo. Swali linaloamua ni kama wanafunzi wanapigana kwa kugusana kweli au wanafanya miondoko hewani tu. Kyokushin ya St-Pierre ilikuwa ya kupigana kwa mwili.

Kulinganisha ada, acha kutazama mwezi na utazame saa ya mazoezi. Tuseme, kwa mfano tu, klabu moja inadai shilingi 40,000 kwa mwezi na ina mazoezi mara tano kwa wiki, nyingine inadai 120,000 na ina mara tatu. Ya kwanza inakutoza 2,000 kwa kila zoezi, ya pili 10,000. Kisha ondoa muda wa kupasha mwili na maelezo, uhesabu ni dakika ngapi unashindana na mtu anayekataa kushindwa. Dakika hizo ndizo unazonunua. Mieleka, judo, jiu-jitsu, ngumi na sambo zote zimefanikiwa kizimbani kwa sababu mwanafunzi hupambana na upinzani wa kweli kila wiki, na fani zinazokosa hilo, hata ziwe na historia ya karne ngapi, hazijatoa mabingwa. Ongeza nauli pia. Klabu nzuri iliyo daladala mbili kutoka nyumbani, ambayo kijana ataikosa kila mvua ikinyesha, inagharimu zaidi ya inavyoandika kwenye bango.

Anayefikiria mapato ajue mpangilio wake. Mkataba wa anayeanza UFC kwa miaka ya karibuni mara nyingi umekuwa dola 12,000 za kupigana na 12,000 nyingine akishinda, na kutoka humo hutoka fungu la meneja, kocha, na kodi. Wengi hupigana mara mbili au tatu kwa mwaka, na walio wengi hawafiki UFC kabisa. Njia ya karibu zaidi ilifunguka mwaka 2025 kwa msimu wa kwanza wa PFL Africa, ligi iliyoanza Ngannou akiwa mwenyekiti wake, na ambayo ilipita pia Kigali. Hata hivyo sitamshauri mzazi yeyote akope ili alipe ada akitarajia kurudishiwa na kizimba.

Kwa mwenye fedha ya fani moja tu, basi, na mtoto wa chini ya miaka 15, jibu langu ni judo, na ngumi iongezwe baadaye, kwa kuwa ni rahisi kupatikana, na mtu mwenye miguu iliyozoea kubwagana hujifunza ngumi haraka. Kwa mtu wa miaka 20 aliyekwisha kucheza ngumi, ada inayofuata iende kwenye jiu-jitsu isiyotumia vazi au judo, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki, kabla hajapokea pambano lolote la MMA. Mwenye kuishi mbali na vyote, penye kambi ya ngumi pekee, ajiunge nayo, atafute wenzake wawili wenye nia kama yake, na fedha ambayo angelipia ada ya klabu ya mjini aiweke kwa ajili ya mwezi mmoja wa likizo kwenye mkeka wenye kocha. Na kabla ya kulipa popote, aombe kutazama zoezi zima kutoka mwanzo hadi mwisho, siku ya sparingi. Klabu itakayokataa kutazamwa siku hiyo, asiilipe.